Barua ya wazi kwa wachungaji wa Kitale na Bungoma: fungeni mlango kwanza

Kwa wachungaji, mapadri, makasisi, wazee wa kanisa na mama wachungaji wa Kitale na Bungoma,



Leo sina mteja hata mmoja, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuwaandikia. Mvua ya kupanda imeanza, na huku kwetu mvua ikianza hata mtu aliyelemewa na huzuni hushika jembe. Tangu Jumatatu simu zimekuwa za namna moja: "Daktari, tutaonana mahindi yakishaota." Mimi si daktari. Wengine huniita mwalimu, wengine pasta, nami nimeacha kuwasahihisha. Mimi ni kaunsela, mshauri nasaha niliyesomea kazi hii na kusajiliwa kuifanya. Nina chumba kimoja Kitale, ghorofani juu ya duka la mbegu na mbolea, na siku mbili za wiki huteremka na matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha Bungoma, ambako nakodi chumba kingine kwa siku. Tena ni Mkristo, mtoto wa Kanisa la Marafiki, yaani Waquaker. Nimelelewa na bibi aliyekuwa akiomba kimya kabla ya kwenda kukamua ng'ombe, na hadi leo sijui alikuwa akimwambia Mungu nini.

Nalitaja hilo mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba barua hii imetoka kwa mtu wa nje anayewacheka. Nawaandikia kama mfanyakazi mwenzenu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia. Katika umati huo, mtu akishtuka saa nane za usiku moyo ukimwenda mbio, hampigii kaunsela. Humpigia mchungaji wake. Na mchungaji huenda kweli, nyuma ya bodaboda, Biblia ameificha ndani ya koti isilowe. Kazi ninayoifanya mimi kwa miadi ninyi mnaifanya bila ratiba na mara nyingi bila malipo, na mlikuwa mkiifanya kabla jina la taaluma yangu halijasikika katika kaunti hizi.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Mwenye kisa amekubali nikisimulie, na nimebadilisha kila kinachoweza kumtambulisha.

Ni mama wa makamo, muuza nguo za mitumba. Jumatatu moja alimwendea mama mchungaji wa kanisa lake akamwambia mambo mawili ambayo hakuwahi kumwambia mtu. La kwanza, kwamba yeye na mumewe hawajalala chumba kimoja kwa miaka miwili. La pili, kwamba usiku mwingine hutamani asiamke. Mama mchungaji alimshika mikono, akalia naye, akamwombea. Hadi hapo sina neno. Hata mimi ningetamani kushikwa mikono hivyo. Jumatano ukaja ushirika wa maombi. Kiongozi akasimama akasema tumwinue mbele za Bwana dada yetu mmoja, anauza nguo pale karibu na stendi, ndoa yake inapita motoni na adui anamnong'oneza kifo. Jina hakulitaja. Katika ushirika ule muuza nguo wa karibu na stendi ni mmoja.

"Nilikuwa benchi la tatu," aliniambia. "Niliogopa kufungua macho. Niliposikia wote wanasema amina, na mimi nikasema amina."

Alipofika kwangu, wiki kadhaa baadaye, hakuketi. Alisimama mlangoni, mkoba begani, akauliza: "Wewe nawe huombea watu?" Nikamjibu kwamba inategemea yeye anataka nini. "Sitaki kuombewa." Basi hatukuomba. Vikao vinne vilipita bila jina la Mungu kutajwa humo chumbani, ingawa sote wawili tulijua kwamba yupo. Katika kikao cha tano alitoa Biblia mkobani mwenyewe, akaiweka juu ya meza, akasema tangu siku ile ya maombi hajaifungua na anaona aibu. Hapo ndipo imani ilipoingia katika ushauri wetu, na iliingia kwa mkono wake.

Watumishi wa Mungu, hakuna aliyekusudia kumuumiza mama huyu. Hilo ndilo linaloniogopesha. Angekuwa ametetwa sokoni angejua la kufanya, maana kila mtu amefundishwa tangu utotoni namna ya kumkwepa mmbea. Lakini ametetwa kwa upendo, macho yamefumbwa, na ameitikia amina. Atamlalamikia nani? Siri hupotea hata ndani ya maombi, nami naona maombi ndiyo njia pana kuliko zote inakopotelea siri katika makanisa yetu. Huyu "dada yetu mmoja" na "familia fulani ya hapa kwetu" wanajulikana na benchi zima.

Mapadri mtaniambia kwamba ninyi mna kitubio, na kwamba muhuri wake padri hauvunji hata kwa tishio la kifo. Ni kweli, nami nawaheshimu kwa hilo. Kanisa lenu lilijua thamani ya siri karne nyingi kabla ya chuo chochote cha ushauri. Ila mwulizeni katibu wa parokia watu wangapi huja kutubu na wangapi huja "kuongea tu na Baba" chini ya mwembe baada ya Misa. Yale ya chini ya mwembe hayana muhuri huo. Nayo ndiyo mengi.

Nimesikia hoja kwamba mambo ya siri na faili ni ya wazungu, na kwamba sisi huku tatizo la mmoja ni la ukoo mzima. Nimezaliwa ndani ya hoja hiyo, naijua. Lakini hata wazee wetu hawakumwaga kila neno hadharani. Tazameni kumuse ya Wabukusu. Mzee mwenye hadhi akifa, baada ya mazishi huitwa omuswala, mnenaji mwenye mamlaka ya kufanya kazi hiyo kwa urithi wa ukoo wake. Huenda na kurudi kati ya watu walioketi, fimbo mkononi, akiwapitisha waliofiwa katika historia yao, akiwakemea wanaotaka kugombania mali, akiwafariji. Wanaofika kwa mara ya kwanza hudhani ni hotuba. Mimi naona ndani yake kazi ambayo vitabu vyetu huiita tiba ya msiba, ikifanywa na mtu aliyefundishwa, kwa wakati wake na kwa mipaka yake. Omuswala huyakemea ya hadharani. Yaliyokuwa ya ndani ya nyumba yalishughulikiwa ndani ya nyumba, na wazee wachache, mlango umefungwa. Wahenga wa hapa walijua lipi la uwanjani na lipi la chumbani.

Sheria nayo imeamka. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi na kuweka sharti la usajili kwa anayejiita kaunsela. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Sisemi haya ili kuwatisha na mahakama. Mchungaji anayemfariji mfiwa hahitaji leseni yangu, na Mungu apishe mbali siku atakayoihitaji. Ila kanisa likibandika bango la "Counselling Centre" getini, likamweka ofisini kijana aliyehudhuria semina ya wikendi moja na kupewa cheti chenye picha ya njiwa, hapo limeingia katika shamba lingine, na shamba hilo lina mipaka.

Mpaka mmoja naomba niuseme kwa ukali kidogo. Siri ya chumba cha ushauri si ya kila kitu. Mteja anapoketi mara ya kwanza namwambia: utakayoyasema yatabaki hapa, isipokuwa ukiwa katika hatari ya kujiua, au ya kumuua mtu, au nikigundua kwamba mtoto anadhulumiwa. Anajua kabla hajafungua kinywa. Katika baadhi ya makanisa nimeona kinyume chake kabisa. Ndoa ya mama muuza nguo ilitangazwa, lakini mzee wa kanisa alipomharibu binti wa kwaya, jambo likaitwa la kifamilia, likamalizwa kwa ng'ombe na maombi ya upatanisho, ilhali Sheria ya Makosa ya Kingono ipo tangu 2006. Tumetangaza la kufichwa, tukaficha la kutangazwa. Sitaji kanisa wala mji. Wenye kujua wanajua, na msichana yule sasa ni mama wa watoto wawili ambaye hutoka nje ya kanisa lolote akisikia mtu anaimba sauti ya nne.

Nigeuke sasa nijipige kifua kwa toba, maana sisi makaunsela hatuna usafi wa kujivunia.

Nilifundishwa kumwacha Mungu nje ya mlango. Hakuna aliyeniambia hivyo kwa maneno. Ilikuwa hewa ya darasani. Tulisoma Freud, ambaye mwaka 1927 alitoa kitabu kizima cha kueleza kwamba dini ni njozi ya kujifariji. Tulisoma Carl Rogers na namna yake ya kumsikiliza mteja bila kumhukumu, wala hatukuambiwa kwamba kabla ya kuingia saikolojia alikuwa amejiunga na chuo cha kidini cha Union, New York, akasoma huko kisha akaondoka. Nilipoanza kazi akaja kijana kutoka Kwanza, fundi wa pikipiki, akaniambia kuna kitu humkalia kifuani usiku na anaamini ni shetani. Kichwani mwangu nikaandika: mashambulio ya hofu. Nikamfundisha kupumua. Pumua ndani, hesabu nne, toa polepole. Alipumua kwa adabu, akanilipa kwa M-Pesa papo hapo, akashukuru, na hakurudi tena. Sikumuuliza hata swali moja kuhusu yule shetani: anakuja saa ngapi, anasema nini, alianza lini, anafanana na nani. Ningeuliza, huenda ningesikia habari za baba yake. Sitajua.

Kosa langu lina babu yake katika nchi hii, tena babu aliyemgusa mtu wa kwenu Bungoma. Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, mchezaji mpira aliyeiwakilisha Kenya katika Kombe la Gossage mwaka 1930, alilelewa katika Kanisa la Marafiki kama mimi, kisha akaanzisha Dini ya Msambwa na kuwaambia watu wasitii amri za mkoloni. Mwaka 1945 serikali ilimpeleka Mathari, hospitali ya wendawazimu Nairobi, akakaa huko hadi 1947. Hospitali hiyo wakati ule ilikuwa chini ya J. C. Carothers, aliyeiendesha tangu 1938 hadi 1950, na ambaye mwaka 1954 aliiandikia serikali ya kikoloni kitabu cha kuieleza Mau Mau kwa lugha ya saikolojia. Sina haja ya kumfanya Masinde mtakatifu. Wapo kati yenu ambao babu zao walichomewa makanisa katika vurugu za miaka ile. Lakini imani yake iliandikiwa faili la hospitali kwa sababu iliwasumbua wakubwa. Tangu nilipoijua habari hiyo, mwenye kalamu ya hospitali akisema kwamba imani ya mtu ni dalili ya ugonjwa, mimi humtazama mara mbili, hata kama mwenye kalamu ni mimi.

Ninyi mna kosa linalotazamana na hilo. Faili lake halipo Mathari. Lipo kwenye mikesha. Ni kuuita ugonjwa pepo. Binti mwenye kifafa anafungwa mikono na kukemewa hadi alfajiri. Mwalimu anayesikia sauti anaambiwa atupe dawa, kwa kuwa kuzimeza ni kukiri kushindwa. Nimempokea mtu aliyekuwa anaendelea vizuri miezi saba kwa vidonge alivyopewa hospitalini, akaambiwa kambini avikanyage mbele ya watu, akavikanyaga, watu wakashangilia. Wiki ya tatu alikutwa barabarani usiku, upande wa Endebess, hana viatu. Waliomshangilia hawakuwepo. Waliokuwepo ni dada yake na polisi mmoja mwenye huruma. Tangu Aprili 2023, ilipoanza kufukuliwa miili ambayo mwishowe ilizidi 400 katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, kila mchungaji wa Kenya amekuwa akijitetea kwamba yeye si kama yule mhubiri wa kule. Najua si kama yule. Ila vidonge vinavyokanyagwa ni njia ile ile, hata kama mwendo ni mfupi.

Someni tena habari za nabii Eliya alipokimbia jangwani akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale. Alipoamka akampa tena. Neno la Mungu lilimfikia baadaye, mlimani, akiwa ameshakula na kulala. Nimewahi kulisema hili katika semina moja ya wachungaji, na mzee mmoja akanijibu kwamba huo ndio uuguzi. Nikamwambia, ndiyo Mzee, na tazama nani aliyeuleta.

Dawa ya kosa lenu na kosa letu iliwahi kujaribiwa mahali pengine. Anton Boisen alikuwa mchungaji wa Kimarekani. Mwaka 1920 akili yake ilichafuka, akalazwa hospitalini kwa zaidi ya mwaka. Alipopona alishikilia kwamba ndani ya ile dhoruba kulikuwa na ugonjwa na kulikuwa pia na mapambano ya kweli ya kiroho, na kwamba madaktari walikuwa hawaoni la pili na makanisa hayaoni la kwanza. Mwaka 1925, katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Worcester, Massachusetts, alianza kuwachukua wanafunzi wa theolojia na kuwaweka wodini: wawahudumie wagonjwa, wawasikilize, kisha waketi pamoja na madaktari kujadili walichosikia. Mafunzo hayo ya uchungaji wa hospitalini yameenea duniani. Vyuo vya Biblia kwetu havihesabiki. Naomba vilivyo katika kaunti hizi mbili viwapeleke wanafunzi wao muhula mmoja wodini, hospitali kuu ya Kitale au ya Bungoma, kabla ya kuwakabidhi mimbari. Wasiende kuhubiri. Waende kubeba ndoo za maji, kukaa kando ya kitanda, na kujifunza kusema "sijui".

Nao wenzangu wenye leseni waende kinyume: waketi kanisani bila kalamu. Gladys Mwiti, mwanasaikolojia Mkenya aliyeanzisha Oasis Africa, amefanya kazi hii ya kuunganisha saikolojia, Injili na Uafrika kwa miaka mingi, na ameiandikia kitabu pamoja na Alvin Dueck. Hatuna kisingizio cha kusema njia haijafyekwa. Hata kitabu kikubwa cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili kiliongeza tangu 1994 kifungu cha matatizo ya kidini na kiroho kama jambo ambalo mtu anaweza kulileta kwa mtaalamu bila kuitwa mgonjwa.

Na huku kwetu mfano upo, tena mlimani. Vita vya Mlima Elgon vya 2006 hadi 2008 mnavijua kuliko mimi: ardhi ya Chebyuk, vijana wa kundi lenye silaha la SLDF, masikio yaliyokatwa, kisha Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha, wanaume wakakusanywa na kupelekwa Kapkota, na wengine hawakurudi. Waliokimbia walishuka hadi Bungoma na Kitale, wakakutana huku na waliofukuzwa na ghasia za baada ya uchaguzi. Wakati huo Marafiki walileta mafunzo ya siku tatu ambayo Waquaker wa Rwanda na Burundi walikuwa wameyaanzisha mwaka 2003, baada ya mauaji ya kwao. Huketi watu kama 20, nusu wa upande mmoja na nusu wa upande wa pili. Siku ya kwanza hujifunza kiwewe ni nini na kinaufanya nini mwili. Kisha huja huzuni na msiba. Na kuna kazi ya kuchora mti kwenye karatasi kubwa ukutani, mti wa kutoaminiana, kila mtu akitaja mzizi wake. Baadaye huchorwa mti wa pili, wa kuaminiana.

Nimewahi kukaa ndani ya duara kama hilo. Mzee mmoja wa Cheptais alipewa kalamu aandike mzizi. Aliishika muda mrefu, akaandika neno moja, "jirani", akairudisha kalamu akaketi. Hakuna aliyesema kitu. Mwezeshaji, mama wa Kimarafiki, aliacha kimya kile kikae. Nilikuwa nimesoma katika vitabu juu ya nguvu ya ukimya katika tiba, na nilikuwa nimelelewa na ukimya wa bibi yangu, lakini sikuwahi kuona vitu hivyo viwili vikiwa kitu kimoja hadi asubuhi ile. Baada ya kimya yule mzee ndiye aliyeomba. Aliomba kwa Kisabaoti. Mimi sikuelewa hata neno. Wenzake walielewa.

Natilia mkazo nani aliomba. Katika chumba changu mimi siombi kwa niaba ya mteja ila akiniomba mwenyewe, na hata akiniomba humrudishia kwanza: ungependa tumwambie Mungu nini? Maombi ya mshauri yana hukumu ndani yake. Nikisema "Bwana, mpe moyo wa kusamehe," nimeshamwamulia mke aliyevunjwa mkono kwamba kazi iliyo mbele yake ni kusamehe, wala si kutafuta pa kulala salama. Nikishukuru kwa ushindi, nimemfungia mlango anayetaka kusema ameshindwa. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila shukrani wala ushindi, na waliopanga Biblia waliiacha vile vile. Wapo wateja wangu ambao walipoisoma walilia kwa kugundua kwamba inaruhusiwa. Swali langu la kwanza kwa kila mtu ni moja: unapolemewa hivi, ni nani au nini hukushika usianguke? Akisema Mungu, tunamfuata Mungu. Akisema chama cha akina mama wa kuweka akiba, tunafuata chama. Akisema hakuna, sikimbilii kumpa wangu.

Kuna jambo moja ambalo halingoji mafunzo wala bajeti. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwa miaka mingi aliyenusurika alitoka wodini akiogopa kituo cha polisi. Mahakama imetoa mguu wake shingoni mwa watu hawa. Bado upo wenu. Bado yapo makanisa yanayokataa kumzika aliyejiua, au yanayomzika kwa ibada ya haraka bila kwaya huku mchungaji akihubiri jehanamu mbele ya watoto wa marehemu. Wale watoto ndio watakaokuja kwangu wakiwa na miaka 20. Wanakuja sasa hivi. Mzikeni mtu wao kama mtu.

Kama mwaweza, zungumzeni haya katika mikutano yenu ya wachungaji, na nialikeni nije kusutwa kama nimekosea. Kanisa lenye uwezo limchague mtu mmoja mwenye kifua, limlipie masomo ya ushauri hadi asajiliwe, na limpe chumba. Kisiwe ile stoo yenye spika na viti vya plastiki ambamo fundi wa mitambo huingia bila kubisha. Kiwe chumba chenye mlango unaofungwa na dirisha linaloonyesha waliomo bila kupitisha sauti. Lisilo na uwezo liandike namba ya kaunsela na ya kliniki ya afya ya akili ndani ya jalada la daftari la mashemasi. Na kuanzia Jumatano hii, asiombewe mtu kwa jambo ambalo hakulileta yeye mwenyewe, kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe. Bwana aliposema juu ya maombi, aliwaambia wanafunzi waingie chumbani na kufunga mlango.

Yule mama muuza nguo bado anakwenda kanisa lile lile. Anakaa benchi la mwisho, upande wa mlangoni, na tangu siku ile hajawahi kutoa ombi.

Wenu katika kazi,
Mshauri nasaha, Kitale